Ukakasi wa Bibo na Mvinyo Wake

Msimu wa korosho ufikapo katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kuanzia mwezi wa Oktoba, ardhi iliyo chini ya mikorosho hugeuka nyekundu na njano. Mkulima huokota, hung'oa korosho, na mara nyingi huliacha bibo lioze papo hapo. Korosho hupelekwa ghalani, hupimwa na kunadiwa chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Bibo halina mnada. Ilhali kwa uzito bibo huizidi korosho yake mara kadhaa, na vitamini C iliyomo huishinda ya chungwa.

Kinachowakimbiza wengi ni ukakasi. Asili yake ni tanini, kemikali ishikamanayo na protini za mate. Mate yakipoteza utelezi, ulimi na ufizi huhisi kukwaruzwa. Mnywaji wa mvinyo mwekundu wa Dodoma anaijua tanini, kwani imo pia katika ngozi na kokwa za zabibu. Katika bibo hapana budi ipunguzwe mapema. Juisi ikichanganywa na uji mwepesi wa mchele uliopoa, sehemu ya tanini hunata kwenye wanga na kuzama, kisha juisi iliyotakata huchujwa. Kazi hiyo ifanywe siku ileile bibo lilipoanguka, maana haliwekeki. Na ganda la korosho lisikatwe, kwa kuwa mafuta yake hubabua ngozi.

Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya alikoholi. Juisi yenye gramu 100 itafikia basi asilimia 6 hivi, yaani nusu ya mvinyo wa kawaida wa zabibu. Ndiyo sababu uraka, unaochachushwa na hamira za asili tu, hunywewa ungali mchanga. Ukikawia penye hewa, bakteria huugeuza kuwa siki. Atakaye mvinyo wa kuweka huongeza sukari, hutia hamira safi, na kuziba chombo kwa namna ambayo gesi hutoka lakini hewa haiingii. (Wapo wanaokimbilia kuukeneka uraka uwe gongo. Kufanya hivyo bila leseni ni kosa kisheria, na pipa lenye kutu halitenganishi kileo na sumu.)

Mezani kemia ni ileile. Chakula chenye protini na mafuta huipa tanini kitu cha kushika badala ya mate: samaki wa kukaanga, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na zaidi ya vyote korosho zilizokaangwa, ndugu wa bibo wa tumbo moja. Pilipili kali haifai, kwani alikoholi huzidisha mwasho wake. Mvinyo upoe, lakini usiwe wa barafu, maana baridi kali huamsha ukakasi. Chupa iliyozamishwa katika mtungi wa maji uliowekwa kivulini yatosha. Ikifunguliwa, inywewe mapema. Masalio yaachwe yawe siki, nayo itafaa kwa kachumbari.