Simu Moja kwa Ofisi Tatu: Somo juu ya Kuunganisha Ofisi za Mbali kwa Intaneti



Katika parokia nyingi utakuta jambo hili. Ofisi kuu ya maendeleo iko mjini karibu na kanisa. Dispensari iko kilomita thelathini au arobaini huko chini. Chuo cha ufundi kiko upande mwingine. Kila mahali watu wanatumia simu zao za mkononi, na kila mmoja anapiga kwa kredo yake mwenyewe. Muuguzi akitaka kujua kama gari linakuja kuchukua mgonjwa, anampigia dereva. Dereva hashiki. Anampigia karani. Karani yuko likizo na namba ya ofisi ameenda nayo nyumbani, maanake ni simu yake. Na mama mwenye uchungu yuko pale kwenye benchi anangoja.

Shida hapo si ukosefu wa simu. Simu zipo nyingi. Kinachokosekana ni namba ambayo ni ya kazi, sio ya mtu. Namba ambayo muuguzi wa zamu ya leo na yule wa kesho wote wataipokea. Siku hizi hiyo inawezekana kwa gharama ndogo, popote intaneti ilipofika. Lakini tumeona kamati zikinunua vyombo kabla ya kuuliza maswali, halafu simu mpya zikabaki mezani zikikusanya vumbi. Kwa hivyo somo hili ni la kamati nzima, mwenyekiti na mweka hazina pia, sio la fundi peke yake.

SWICHIBODI NDANI YA KOMPYUTA

Wale wetu wanaokumbuka Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka wa 1999, wanaijua swichibodi ya zamani: kabati kubwa, nyaya nyingi, na mama mmoja wa mapokezi aliyetambua sauti ya kila mtu. Mwaka huo huo wa 1999 kijana mmoja wa Marekani, Mark Spencer, alikuwa anaanzisha kampuni yake ndogo na hakuwa na pesa za kununua swichibodi. Akaandika programu ya kufanya kazi hiyo ndani ya kompyuta ya kawaida, akaiita Asterisk, na akaitoa bure kwa yeyote anayeitaka. Mpaka leo ni bure, na hata baadhi ya swichibodi zinazouzwa madukani zina programu hiyo ndani yake. Kwa ofisi zenye simu kumi au ishirini, kompyuta kuukuu iliyo nzima inatosha.

Kazi yake ni hii. Sauti yako hukatwa vipande vidogo vidogo, kwa kawaida hamsini kwa kila sekunde. Kila kipande hutiwa kwenye bahasha yake na kutumwa kwa intaneti, na upande wa pili zinafunguliwa na kupangwa tena. Kwa kuwa intaneti mmeshailipia, simu ya ofisi hadi ofisi hailipiwi tena dakika kwa dakika. Umbali nao hauhesabiwi. Kutoka Marsabit hadi Moyale ni karibu kilomita 250 kwa barabara, lakini kwa simu ya namna hii ni sawa na kumpigia mtu wa chumba cha pili. Kinachobaki kulipiwa ni simu za kwenda nje, kwa watu wasio wa ofisi zenu.

NJIA NI MBILI, NA HAZIFANANI

Hapa ndipo kamati nyingi huchanganyikiwa, basi twende polepole.

Njia ya kwanza ni kuwa na swichibodi moja tu, ile ya ofisi kuu, na kupeleka namba ya ndani mahali pa mbali. Makarani huiita ekstensheni. Simu inakaa dispensari, lakini kila mara inajiandikisha kwa swichibodi ya mjini, kama mtoto wa bweni anayejulikana kwa jina la baba yake. Ni rahisi na ni haraka. Unahitaji chombo cha simu, ruta na intaneti. Hata simu ya mkononi inaweza kubeba ekstensheni kwa kuwekewa programu. Lakini tunaonya hapo: simu nyingi za mkononi huilaza programu ili kulinda betri, na namba ikipigwa hailii. Kwa zamu ya usiku weka simu ya mezani yenye waya.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mtandao ukikatika, simu za dispensari zinakufa zote. Hata chumba cha sindano hakiwezi kupigia chumba cha kujifungulia kilicho hatua kumi tu, kwa sababu hata simu hiyo fupi hupangwa mjini.

Njia ya pili ni kila ofisi kuwa na swichibodi yake ndogo, halafu swichibodi zikaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Mtandao ukikatika, simu za ndani ya dispensari zinaendelea kulia. Na mkiweka kifaa kinachobeba kadi ya simu ya mkononi hapo hapo dispensari, mnaweza bado kupiga nje.

Maoni yetu ni haya. Mahali penye mtu mmoja au wawili, kama katekista wa kigango au afisa wa nyanjani, mpe ekstensheni tu. Mahali palipo na wagonjwa, au palipo na vyumba vingi na watu wanaolala huko, paweze kusimama penyewe. Inagharimu kidogo zaidi na fundi atasema hakuna haja. Haja ipo.

NAMBA ZIPANGWE KABLA YA KITU CHOCHOTE

Kaeni chini na karatasi. Ofisi kuu ianze na 2, yaani 201, 202 na kuendelea. Dispensari ianze na 3, chuo na 4. Swichibodi ikiona tarakimu ya kwanza inajua ielekeze wapi, na watu hawahitaji kukariri mengi. Mbona hatukuanza na 1? Kwa sababu 112 ni namba ya dharura, pamoja na 999. Ukimpa mhasibu namba 112, siku moja mtu atapiga kuita msaada na mhasibu ndiye atakayeshika. Mkizihamisha ofisi mbili zilizokuwa na namba zinazofanana, badilisheni mapema kabla watu hawajazizoea.

Jambo lingine ambalo halionekani kwa macho: anwani za ndani za ruta. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi tatu zikiunganishwa zote zikiwa na anwani hizo hizo, bahasha hazijui ziende nyumba gani. Mwambieni fundi kila ofisi iwe na yake, kwa mfano 192.168.20, 192.168.30 na 192.168.40. Zikifanana na namba za simu, hata mgeni ataelewa.

INTANETI KIASI GANI?

Kuna namna mbalimbali za kubana sauti. Ile ya kawaida isiyobanwa, G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza uzito wa bahasha inakuwa kati ya 80 na 90, kwenda na kurudi vile vile. Ile iliyobanwa, G.729, hutumia 8 tu, na pamoja na bahasha ni karibu 30. Mweka hazina atapenda hesabu hii: mazungumzo ya dakika kumi kwa namna ya kwanza yanakula karibu megabaiti 13, kwa namna ya pili chini ya 5. Mkiwa na faiba msihangaike. Mkitumia bando la simu ya mkononi, hangaikeni.

Lakini kasi peke yake haitoshi. Wauzaji hutangaza kasi ya kushusha, na sauti yako wewe inapanda. Ulizeni kasi ya kupandisha. Kisha ulizeni ucheleweshaji. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wanaanza kukatizana maneno. Setilaiti za zamani ziko juu karibu kilomita 36,000, kwa hivyo sauti inachelewa robo ya sekunde hata kabla ya mambo mengine. Mtasikilizana, lakini kwa zamu. Zile za chini, kama za Starlink iliyoanza Kenya mwaka wa 2023, hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Na jaribu simu saa nne asubuhi siku ya kazi, sio Jumapili jioni. Vijana wa chuo wakishusha video, bahasha za sauti hukwama nyuma yao kwenye foleni. Ruta inaweza kuamriwa itangulize sauti. Dakika ishirini za fundi zinatosha kwa kazi hiyo.

“NAKUSIKIA LAKINI HAUNISIKII”

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila ofisi. Simu inalia, mtu anashika, halafu sauti inapita upande mmoja tu. Sababu yake ni kama barua. Simu ya dispensari inajua anwani yake ya ndani tu. Inaiambia swichibodi, “nitumie sauti chumba namba 20,” bila kutaja sanduku la posta wala mji. Barua haifiki. Dawa ni kuiambia swichibodi waziwazi anwani yake ya nje ni ipi na mitandao ya ndani ni ipi, au, na hii ndiyo tunayoipendelea, kutengeneza njia ya siri kati ya ofisi ambayo mafundi huiita VPN. WireGuard ni mojawapo, nayo ni bure. Ofisi zote zinakuwa kama ziko ndani ya ua mmoja, na shida ya anwani inaisha.

Wanaotumia modemu ya simu ya mkononi wajue kwamba mara nyingi kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ofisi kuu haiwezi kupokea wengine ikiwa huko. Inahitaji anwani yake isiyobadilika, au mkodi nafasi kwenye seva ya nje na ofisi zote ziungane hapo.

WEZI HAWALALI

Ua huo una faida kubwa zaidi ya sauti. Swichibodi iliyoachwa wazi kwenye intaneti hupatikana upesi na programu za wezi zinazozunguka dunia zikigonga mlango namba 5060, ule wa SIP, lugha ya simu hizi. Zinajaribu ekstensheni 201 na neno la siri 201, kisha 1234. Zikiingia, hazikuibii maneno. Zinapiga namba za ghali za nchi za mbali, mara nyingi usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, na Jumatatu ofisi inakuta bili. Fedha ya dawa inaweza kwisha hivyo.

Kwa hivyo msifungulie mlango huo kwa dunia nzima. Kila ekstensheni iwe na neno la siri refu lisilofanana na namba yake. Simu za nchi za nje zifungwe kabisa, isipokuwa kwa mtu mmoja mwenye sababu. Laini ya kupiga nje iwe ya kulipia kabla, na muweke kidogo kidogo. Mwizi hawezi kutumia kredo ambayo haipo.

STIMA, NA SIKU YA HATARI

Stima ikipotea, simu ya namna hii inazima, tofauti na ile ya zamani ya waya iliyopata umeme kutoka kwa kituo cha simu. Hesabuni kila kitu kilicho njiani: simu yenyewe, kisanduku cha kugawanya nyaya, ruta, modemu, swichibodi. Kila kimoja kipate betri au sola, pande zote mbili. Mara nyingi kinachosahaulika ni kile kisanduku kidogo ndani ya kabati.

Hata hivyo, dispensari isiache kuwa na simu moja ya mkononi ya ofisi, yenye kredo, iliyofungwa kwa kamba mezani ikibidi. Na watu waelezwe kwamba wakipiga 999 kwa ekstensheni inayotokea mjini, anayepokea anaweza kudhani wako mjini. Wataje mahali walipo kwanza, kabla ya kueleza shida.

Mambo mawili ya sheria. Kuunganisha ofisi zenu ni kazi yenu ya ndani, lakini kuwauzia majirani huduma ya simu ni biashara ya leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Pia swichibodi inaweza kurekodi mazungumzo. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Mtu anayeeleza ugonjwa wake au shida ya nyumba yake ana haki ya kujua kama anarekodiwa na kwa nini. Sisi tunasema ofisi ya ushauri nasaha isirekodi kabisa.

Maswali ya kujadiliana katika kamati: Katika ofisi zenu, ni nani anayehitaji kumpata nani haraka, na leo anampata kwa njia gani? Stima ikipotea usiku kwenye dispensari, ni kitu gani kinazima kwanza? Ni nani, mbali na fundi, anayejua maneno ya siri yamewekwa wapi?