Mas'ala ya Mume Angojaye Majibu ya Maradhi ya Mkewe

Twamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, na twamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Tumeletewa swali na ndugu mmoja wa pwani aliyeko Katesh, wilaya ya Hanang, kwa biashara ya nafaka. Asema kuwa mkewe alionekana na kivimbe katika titi. Wakaenda hospitali ya Haydom, daktari akakata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe, kisha wakaambiwa warudi kwao wangoje. Tangu siku hiyo usingizi umemkimbia, chakula hakimshuki, na katika sala hajui amefika rakaa ya ngapi. Auliza: je, khofu hii ni upungufu wa imani? Na afanye nini hata majibu yaje?

Tumependa kujibu kwa kupiga chapa, wala si kwa barua ya mtu mmoja, kwani ndugu zetu wa Tanga, Pangani na Unguja waliotawanyika Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh si haba, na wengi wao wako mbali na jamaa ambao wangewashika mkono siku kama hizo.

Jawabu la swali la kwanza ni kuwa khofu yenyewe si dhambi, wala si dalili ya kukosa imani. Nabii Yaaqub (A.S.) alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na juu ya hayo alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe kwa huzuni. Mwenyezi Mungu ametusimulia kisa chake kwa kumsifu, hakumlaumu kwa machozi yale. Alichojitenga nacho Yaaqub ni kukata tamaa. Na malalamiko yake aliyapeleka kwa Mola wake. Basi mwenye kulia usiku juu ya msala wake amefuata njia ya Manabii, na asimkubali mtu amwambiaye kuwa mwanamume halii.

Tena, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akikithirisha dua ya kujikinga kwa Mola wake na mambo kadha wa kadha, na mawili ya kwanza ni hamm na hazan. Wanavyuoni wamepambanua baina ya haya mawili: hazan ni majonzi ya jambo lililokwisha kupita, na hamm ni dhiki ya moyo kwa jambo ambalo bado halijafika. (Sisi wa pwani neno hamu tumelifanya kuwa shauku ya kitu, bali washairi wetu wa zamani walilijua kwa maana yake ya asili.) Ndugu yetu wa Katesh yumo katika hamm. Hapana mtu aliyemwambia kuwa mkewe ana saratani, naye amekwisha kumlilia kama aliyefiwa. Na lau dhiki hii ingalikuwa ni jambo la aibu kwa muumini, Mtume asingalitufundisha dua yake. Basi na aihifadhi dua hiyo, na aisome asubuhi na jioni.

Sasa twende katika khabari ya kungoja kwenyewe, kwani sehemu kubwa ya khofu ya watu hutokana na kutojua jambo gani linatendeka. Kile kipande cha nyama hutiwa katika dawa iitwayo fomalini ili kisioze. Kisha hukaushwa maji yake, huzungushiwa nta hata kikawa kigumu, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia akavitazama kwa hadubini. Kazi hii hupita siku kadhaa hata ikifanywa upesi. Na madaktari wa fani hii katika Tanzania ni wachache mno, na wengi wao wako katika hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam. Kipande kikitoka Mbulu au Hanang kwenda huko, kina safari yake, kisha kina foleni yake. Kwa hiyo majibu yakikawia wiki mbili au tatu au zaidi, usijenge dhana kuwa madaktari wameona jambo kubwa wakakuficha. Mara nyingi kukawia huku ni kwa foleni tu.

Na jambo jingine la kujua ni hili: vivimbe vingi vya titi vikipimwa huonekana kuwa si saratani. Twasema vingi, hatusemi vyote; na kwa ajili ya hivyo vichache ndiyo maana haifai kupuuza.

Mtume (S.A.W.) alimwamuru bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mola wake. Kumfunga ngamia katika mas'ala haya ni kabla ya kuondoka hospitali kuuliza: kipande kinapelekwa wapi? Turudi siku gani? Tupige simu kwa nani? Jina la mke wangu limeandikwa sawasawa juu ya chupa? Cheti ukipewa kitunze kama utunzavyo hati ya nyumba. Siku ya miadi ikipita, uliza tena wala usione haya. Wako watu waliosubiri kwa adabu hata miezi ikapita, kumbe majibu yalikuwa yamelala katika faili. Adabu ya namna hiyo haimfai mgonjwa.

Ama namna ya kuzipitisha siku zenyewe, na tumtazame Kaab bin Malik (R.A.). Katika mwaka wa 9 wa Hijra, baada ya vita vya Tabuk, yeye na wenzake wawili walingoja hukumu ya Mwenyezi Mungu juu yao siku 50, na watu wamekatazwa kusema nao, na ardhi imekuwa finyu kwao. Wale wenzake wawili walikaa majumbani mwao wakilia. Kaab alitoka, akahudhuria sala ya jamaa, akazunguka sokoni, ijapokuwa hapana aliyemjibu neno. Hatuwalaumu wale wawili, kwani wote walisamehewa. Lakini kwa mtu mwenye mke mgonjwa njia ya Kaab ndiyo nyepesi zaidi. Fungua duka lako. Nenda msikitini. Mwili ukichoka kwa kazi, usiku hupata kulala.

Lakini jambo kubwa tulilokusudia kulieleza katika waraka huu ni kuwa kuna khofu mbili katika nyumba moja, na waume wengi huiona ya kwao tu. Mume hunyamaza akidhani amstahi mkewe. Hukaa barazani hata usiku mwingi. Akiingia ndani huulizia hali kwa neno moja akageuka ukutani. Mke naye husoma katika uso ule asiyoambiwa kwa ulimi.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa aliporudi katika safari ya Bani Mustaliq aliugua muda wa mwezi mmoja, wala hakujua kuwa watu wanamzungumza kwa uzushi. Jambo lililomtia shaka ni kuwa hakuuona kwa Mtume (S.A.W.) ule upole aliozoea kuuona kila anapougua, alikuwa akiingia, akitoa salamu, akiuliza hali yake, kisha akaondoka. Hatulisemi hili kwa kumtia Mtume ila, hasha. Alikuwa amebeba mzigo usiobebeka, na wahyi umezuiliwa kwake muda wa mwezi. Twalisema kwa mambo mawili. La kwanza, kuwa upole kwa mke mgonjwa ndiyo ilikuwa ada yake, hata ulipopungua ukajulikana. La pili, kuwa mgonjwa hupima kila kitu: sauti, mkao, na muda ulioketi naye.

Basi ketini pamoja. Mwambie kuwa nawe waogopa, kisha mwambie kuwa hutamwacha. Mtume (S.A.W.) akiugua mtu wa nyumbani kwake alikuwa akimpangusa kwa mkono wake wa kulia akimwombea shifaa. Wewe ni mumewe, na mahali pale alipotahayari kupaonyesha kwa watu ni halali kwako. Weka mkono wako hapo umwombee. Twadhani hili litampa raha kuliko maneno mengi.

Na asiyetaka kuacha biashara yake siku ya safari ya hospitali na amkumbuke Sayyidna Uthman (R.A.). Mwaka wa 2 wa Hijra Waislamu walipotoka kwenda Badr, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume alimwamuru abaki amuuguze, kisha akamhesabia ujira na fungu la ngawira kama mtu aliyehudhuria Badr. Bibi Ruqayya alifariki katika maradhi yale. Wala hatukuleta kisa hiki kwa ajili ya mwisho wake, bali mpate kujua kuwa kukaa kando ya kitanda cha mke kumehesabiwa sawa na kusimama katika safu ya Badr. Gunia za mahindi haziwezi kuwa udhuru.

Wako wasioweza kungoja, wakaenda kwa mpiga ramli awaambie majibu kabla ya daktari. Hili ni haramu, na imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza jambo hakubaliwi sala zake siku 40. Na madhara yake ya dunia ni makubwa vilevile: akiambiwa ni salama, huacha kurudi hospitali. Madaktari wa Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa zama za Wajerumani na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, wamelalamika miaka mingi kuwa wagonjwa wengi huwafikia maradhi yakiwa yamekwisha kuenea.

Wengine huona uzito kuwa Haydom ni hospitali ya Walutheri, iliyofunguliwa na wamisheni wa Norway mwaka 1955. Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimwajiri kiongozi wa njia asiyekuwa Muislamu, akamwamini roho yake na ya Abubakar. Ama daktari mwanamume kumtazama mwanamke, Imam Nawawi katika Minhaj ameruhusu kutazama na kugusa kwa ajili ya tiba, na wanavyuoni wetu wameshurutisha asipatikane mwanamke awezaye kazi hiyo, na awepo mume au maharimu. Uliza kwanza kama yuko daktari wa kike. Akikosekana, usimrudishe mkeo nyumbani.

Limebaki la gharama. Ni kweli kuwa katika Minhaj hiyohiyo imeandikwa kuwa dawa na ujira wa tabibu havimo katika nafaka iliyo wajibu juu ya mume, na wako wanaoishika ibara hiyo moja tu katika kitabu kizima. Wanavyuoni wa zama zetu, kama Sheikh Wahba az-Zuhayli wa Sham aliyefariki 2015, wamesema kuwa tiba leo ni haja kama chakula, basi ni juu ya mume. Nasi twaona hivyo. Mtu aliyekula mapishi ya mwanamke miaka 20 kisha akamfungulia kitabu siku ya kulipia kipimo, hiyo si suhuba njema tuliyoamrishwa.

Siku ya majibu nendeni wote wawili, muingie wote wawili. Usichukue karatasi ukaificha mfukoni kwa kumwonea huruma. Mwili ni wake, na ndiye atakayeombwa ridhaa ya kukatwa au kutiwa dawa. Ikiwa ni salama, sujuduni sijida ya shukuru, na muulize kama kuna haja ya kurudi tena. Ikiwa ni saratani, muulizeni daktari papo hapo imefika daraja gani, tiba yake i wapi, na siku gani ataandika barua ya kuwapeleka huko. Wala msiondoke mpaka mmepata siku hiyo.

Wallahu aalam.