Pesa ya ada isilale bure: mfuko wa soko la fedha wa serikali nchini Marekani

Machi 2024, dada mmoja ninayemfahamu, mkazi wa Brooklyn Park, Minnesota, aliniwekea karatasi ya benki mezani. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, sare bado mwilini, chai ikichemka jikoni. Akaunti yake ya akiba ilikuwa na dola 9,000. Ilikuwa ada ya chuo cha uuguzi aliyoikusanya kwa miaka miwili, na chuo kiliitaka Agosti. Chini ya ukurasa palikuwa na mstari mdogo wa faida ya mwezi: senti saba.

“Kaka, hizi senti saba ni za nini?”

Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo faida yake. Benki ilikuwa ikimlipa 0.01% kwa mwaka, yaani senti 90 kwa mwaka mzima. Mwezi huohuo, mtu aliyeikopesha serikali ya Marekani kwa miezi mitatu alikuwa akilipwa zaidi ya 5%. Benki haikuvunja sheria yoyote, ila katika miaka miwili hakuna aliyemwambia dada huyu kwamba pako mahali pengine pa kuweka pesa ya namna hii. Makala haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, maana wako wengi: wanaoweka nauli ya Desemba, malipo ya awali ya nyumba, ada ya wakili wa uhamiaji. Pesa hizo zina tarehe. Hazifai kupelekwa kwenye hisa, kwa sababu hisa zinaweza kuporomoka wiki moja kabla ya tarehe kufika, na wala hazistahili kulala bure.

Mfuko wa soko la fedha ni kapu la watu wengi. Kila mmoja anatia chake, na msimamizi anakopesha pesa hizo kwa muda mfupi kisha anawagawia wenye mfuko mapato yake, baada ya kukata ada. Kwa mfuko wa aina ya serikali, kanuni za tume ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, zinataka angalau 99.5% ya mali iwe fedha taslimu, dhamana za serikali, au mikopo ya muda mfupi sana, mingi ya usiku mmoja, ambayo mkopaji ameiwekea rehani ya dhamana hizohizo. Kwa kawaida dhamana inayonunuliwa isiwe imebakiza zaidi ya siku 397 kulipwa, na wastani wa kapu zima usizidi siku 60. Ufupi huo ndio unaowezesha bei ya kipande kimoja cha mfuko kushikiliwa kwenye dola moja. Ukitia dola 7,000 unapata vipande 7,000. Mapato yanahesabiwa kila siku, na mwisho wa mwezi yanaingia kama vipande vipya.

Sasa neno “serikali” lenyewe. Watu wengi wakilisikia hudhani serikali ndiyo mdhamini wa mfuko. Sivyo. Neno hilo linaeleza kilichomo ndani ya kapu. Kapu lenyewe linaendeshwa na kampuni binafsi, na hakuna sheria inayomlazimu yeyote kukufidia likipungua. Tofauti hii si ya maneno tu. Tarehe 16 Septemba 2008, mfuko ulioitwa Reserve Primary ulitangaza kwamba kipande chake kimeshuka hadi senti 97. Ulikuwa umeikopesha benki ya Lehman Brothers dola milioni 785, na Lehman ilikuwa imefilisika siku moja kabla. Kampuni iliyouendesha ndiyo iliyobuni mfuko wa kwanza wa aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo ugeni wa kazi haukuwa kisingizio. Wenye vipande hatimaye walirudishiwa karibu chote, lakini kwa mafungu, na baadhi walisubiri muda mrefu. Mfikirie mtu ambaye ada yake ilitakiwa Oktoba mwaka ule. Mfuko ule haukuwa wa aina ya serikali, ulikuwa wa aina inayokopesha makampuni pia. Ndiyo maana kwa pesa yenye tarehe nashikilia aina ya serikali, hata kama aina hiyo nyingine inalipa zaidi kidogo.

Jina lingine linalochanganya watu ni la akaunti. Benki nazo zina akaunti za soko la fedha, na kwenye karatasi za Kiingereza majina yanafanana mpaka neno la mwisho: “account” ni ya benki, “fund” ni mfuko. Akaunti ya benki ina bima ya FDIC, shirika la serikali linalokinga amana, hadi dola 250,000 kwa kila mwenye amana. Mfuko hauna bima hiyo. Ulinzi wa SIPC, ambao kampuni za udalali wa hisa huutaja, unakuhusu pale dalali anapofilisika na mali yako haionekani. Thamani ikishuka, hauhusiki. Na nitasema kwa haki: ukipata benki yenye bima inayokulipa sawa na mfuko, weka benki ulale usingizi. Kinachokuumiza ni ile 0.01%.

Kuingia si kazi ngumu. Unafungua akaunti ya uwekezaji kwa kampuni ya udalali, unaiunganisha na benki yako, unahamisha. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Pesa ikishafika kwa dalali, kwa baadhi ya kampuni inaingia yenyewe kwenye mfuko wa serikali, na kwa nyingine inakaa tu ikilipwa karibu na sifuri mpaka wewe uagize kununua. Nimeona mtu aliyekaa miezi minne akiamini amewekeza, kumbe pesa imesimama mlangoni. Baada ya kuhamisha, fungua ukurasa wa mali zako uone jina la mfuko limeandikwa na idadi ya vipande iko pale. Usipoiona, piga simu siku hiyohiyo.

Kabla ya kuchagua, tafuta ada ya mwaka. Kuna mifuko inayotoza 0.11% na mingine 0.42%, na ndani ya kapu vitu ni vilevile. Kwa dola 7,000, ya kwanza ni chini ya dola 8 kwa mwaka, ya pili inazidi dola 29. Kisha tazama kiwango cha mapato cha siku saba, ambacho kwa kawaida tayari kimeondolewa ada, na ulinganishe kwa hicho.

Jimbo unaloishi nalo lina neno. Riba ya dhamana za hazina ya Marekani haitozwi kodi ya mapato ya jimbo, ingawa ya shirikisho iko palepale. Ile mikopo ya rehani niliyoitaja haina msamaha huo. Kwa hiyo anayeishi Minnesota anaweza kubaki na zaidi kwenye mfuko unaonunua dhamana za hazina pekee, ambao kwa kawaida una neno “Treasury” kwenye jina. Anayeishi Texas, kusikokuwa na kodi ya mapato ya jimbo, hana sababu ya kujisumbua. California, New York na Connecticut zina sharti la ziada: msamaha unapatikana ikiwa angalau nusu ya mali ya mfuko ni dhamana zinazostahili, na kipimo hufanywa kila mwisho wa robo mwaka. Mwanzo wa mwaka utaletewa fomu ya 1099-DIV. Fomu peke yake haionyeshi sehemu yenye msamaha. Kampuni ya mfuko huitoa kwenye karatasi tofauti. Mpelekee mtayarishaji wako wa kodi zote mbili, na uulize kwa mdomo wako kama ameitumia ile ya pili.

Kiwango hakijafungwa. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Marekani iliposhusha riba karibu na sifuri, mifuko hii ikaja kulipa 0.01%, sawasawa na benki ya yule dada. Riba ikapandishwa kuanzia Machi 2022, ikafika kati ya 5.25% na 5.50% Julai 2023, ikaanza kushushwa Septemba 2024. Mapato ya mfuko hufuata nyayo hizo ndani ya wiki chache.

Kwa ndugu zangu Waislamu, sitaki kuficha neno. Kwenye fomu ya kodi mapato haya huitwa gawio, lakini chimbuko lake ni riba: mkopaji amekopa, na analipa ziada. Anayejiepusha na riba asiingie kwa kudhani jina limeigeuza. Iko mifuko ya sukuki, ila bei ya vipande vyake hupanda na kushuka, kwa hiyo kwa pesa ya miezi mitano haifanyi kazi ileile. Muulize mwenye elimu kabla ya kutia saini.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasipeleke pesa nyumbani, ambako mifuko ya shilingi hulipa zaidi. Jibu langu hutegemea bili italipwa kwa sarafu gani. Shilingi ya Kenya ilianza mwaka 2023 ikiwa karibu 123 kwa dola, na Januari 2024 ikafika kama 160. Aliyepeleka dola zake kule mwanzo wa 2023 akihitaji kuzirudisha Januari ile alipoteza zaidi ya alichovuna. Kama ada ni ya dola, zibaki dola.

Tukarudi kwenye karatasi ya dada. Hakuhamisha zote. Mfuko hauuzwi saa nane usiku, na pesa yake huchukua siku moja hadi tatu za kazi kufika benki, wikendi hazihesabiwi. Simu ya nyumbani kwamba mzee amelazwa haingoji Jumatatu. Aliacha dola 2,000 benki na kupeleka 7,000 kwenye mfuko. Katikati ya Agosti vilikuwa vimeongezeka vipande 145 hivi. Aliuza Jumatatu asubuhi akiwa ndani ya basi, Jumatano pesa zikawa benki, Alhamisi akalipa ada. Kwa zile dola 145 alinunua viatu vya kazi na kitabu cha dawa.