Kununua Ploti: Bei Sio Mwisho wa Gharama

Wengi wetu tunataka kununua ploti ya kwanza tujenge nyumba. Tunaweka akiba miaka mingi. Tunauza ng'ombe. Lakini tunahesabu bei peke yake. Katika somo hili tutahesabu gharama nyingine, na tuone jinsi ya kuzipunguza.

Tuseme mkulima hapa Kenya amepata ploti kijijini kwa shilingi 300,000. Analipa zote. Halafu anaambiwa bado kuna ushuru, kuna bodi, kuna wakili. Mfukoni hana kitu. Anasema, "Nitamaliza mwaka ujao." Kabla mwaka haujaisha, mwuzaji anafariki. Hati ingali na jina la marehemu. Sasa lazima angoje jamaa ya marehemu iende kortini kwa mambo ya urithi. Gharama ndogo imekuwa kubwa.

Hesabu ya ushuru

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu. Mashambani ni asilimia 2 ya thamani. Katika manispaa ni asilimia 4. Hebu tufanye hesabu:

300,000 ÷ 100 = 3,000
3,000 × 2 = 6,000

Kwa hiyo kijijini ni shilingi 6,000. Mjini ingekuwa shilingi 12,000. Lakini mthamini wa serikali akisema ploti ina thamani zaidi ya bei yako, ushuru utapanda. Weka akiba kidogo zaidi.

Njia za kupunguza gharama

1. Kagua hati kwanza. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Utajua mwenye shamba ni nani, na kama lina deni la benki. Ada ya sachi ni ndogo kuliko kesi.

2. Patana nani atalipa nini. Kama unamegewa shamba, kuna pesa za mpimaji. Mwaweza kugawana. Ushuru wa faida ya kuuza, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni wa mwuzaji. Usikubali kubebeshwa. Andikeni yote katika mapatano.

3. Usichelewe bodi ya ardhi. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi. Sheria inataka maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 tangu kupatana. Ukienda mapema utangoja kikao cha kawaida. Kikao maalum hulipiwa zaidi. Mke au mume wa mwuzaji naye akubali, la sivyo mambo yatakwama.

4. Uliza wakili ada yake mapema. Akuandikie jumla yote. Pesa za serikali zilipwe kwa njia ya serikali, nawe upewe stakabadhi. Ukiambiwa "pesa ya chai", uliza risiti iko wapi.

5. Usiandike bei ya uwongo. Wengine husema, "Tuandike 100,000 ili ushuru upungue." Hilo ni kosa. Tena mauzo yakivunjika, karatasi itasema ulilipa 100,000 tu. Zile 200,000 utazidai kwa nani?

Msamaha upo?

Mwaka 2018 sheria ilimwondolea ushuru wa stempu mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Lakini msamaha huo si wa ploti za kijijini. Ploti yetu ya 300,000 lazima ilipiwe.

Basi, kama una shilingi 300,000, usitafute ploti ya 300,000. Tafuta ya bei ya chini, ili pesa za kubadilisha hati zibaki mkononi. Ploti ni yako hati ikiwa na jina lako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali

1. Ploti ya kijijini ni shilingi 450,000. Ushuru wa stempu ni shilingi ngapi?
2. Kwa nini tufanye sachi kabla ya kulipa?
3. Andika katika daftari gharama zote utakazouliza kabla ya kununua. Zisome pamoja na jamaa yako.