Bustani ya Gunia: Darasa la Mzazi na Mtoto

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wanafunzi huja nyumbani na kazi za mikono. Baadhi ya wazazi huzifanya wenyewe usiku, mtoto akiwa amelala. Alama hupatikana, lakini mtoto hajifunzi.

Bustani ya gunia hufaa kufanywa pamoja. Mtoto apime madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi iliyooza, kisha achanganye. Mzazi asimamishe katikati ya gunia mkebe usio na kitako. Mtoto aujaze mawe madogo, naye mzazi amwage udongo kuuzunguka. Mkebe uvutwe juu na kujazwa tena hadi gunia lijae. Mzazi atoboe matundu ubavuni kwa kisu. Mtoto apande miche ya sukuma wiki.

Kabla ya kumwagilia, mzazi aulize: "Mawe haya ni ya nini?" Mtoto akikosea, asikaripiwe. Amwage maji, aone yanavyopita kwenye mawe hadi kwenye miche ya chini. Mche ukinyauka, watafute sababu pamoja. Mtoto aliyejaribu mwenyewe hasahau upesi, na familia hupata mboga.