Imani ya kanisani na imani ya sokoni

Swali: Nauza vitenge hapa Kimemi, Butembo. Mchungaji anatuhimiza tuwe na imani. Mteja anayechukua mali kwa deni naye ananiambia, "Mama, uwe na imani nami." Je, ni neno lile lile?

Jibu: Ndiyo mama, ni lile lile. Neno imani lilitoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa amini, amana na amani. Kwa muumini, ni kumtegemea Mungu asiyemwona. Kwa mfanyabiashara, ni kutegemea neno la mtu; bila hilo wakubwa wa Butembo wasingeagiza mali kwa pamoja kutoka Dubai na China. Imani pia ni huruma: anayemsaidia mhitaji ni mtu wa imani.

Lakini imani haiamriwi. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, chanjo ilifika Beni na Butembo, ila wengi hawakuwaamini walioileta. Imani hujengwa kwa kusikilizana.

Basi kumbuka: imani unaitoa wewe, uaminifu anauonyesha mteja wako. Kabla hujampimia kitenge kingine, fungua daftari: deni la kwanza amelipa?