Wazee Nao Wapunge Upepo

Tukizungumzia afya ya wazee wanaoishi katika makao ya kutunzia wazee, upesi tunafikiria dawa, chakula na usafi. Hayo ni ya lazima. Lakini mzee anaweza kuogeshwa, kulishwa na kupewa dawa kwa wakati, na bado akanyong'onyea kwa sababu havuki lango. Mwezi huu tutazame jambo lililoanzia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 2012.

Huko watu wengi hutembea kwa baiskeli tangu utotoni. Miguu ikiishiwa nguvu na mtu akahamia makaoni, anapoteza baiskeli, na pamoja nayo anapoteza mtaa wake. Bwana Ole Kassow alikodi baiskeli ya magurudumu matatu, akaenda kwenye makao ya wazee akauliza kama yupo anayetaka kutembezwa. Alimpata. Baadaye jiji lilisaidia kununua baiskeli za kwanza, na leo shughuli hiyo, iitwayo kwa Kidenmark Cykling uden alder, yaani kuendesha baiskeli bila kujali umri, imeenea katika nchi nyingi.

Usifikirie guta la kubebea mizigo. Kiti cha abiria wawili kiko mbele, mwendeshaji yuko nyuma, na mota ndogo ya umeme humsaidia kupanda vilima. Kwa hiyo mzee haangalii mgongo wa mtu: anaona barabara, na wapita njia wanaona uso wake. Waendeshaji hujitolea, na mwendo ni wa polepole makusudi, ili watu waweze kusalimiana.

Je, faida yake ni nini? Tusidanganyane: haya si mazoezi ya viungo, maana anayekanyaga pedali ni mwingine. Wala hayaponyi ugonjwa wa kusahau. Lakini mwanga wa mchana huusaidia mwili kutofautisha usiku na mchana, na hivyo usingizi huweza kuwa mzuri zaidi. Tena, kuona mahali alipofanyia kazi au alipofungia ndoa huweza kuamsha kumbukumbu zilizolala. Mzee aliyekuwa kimya huanza kusimulia, na jioni mezani anayo habari ya kuwapa wenzake. Kwa mtu ambaye kila siku anafanyiwa kila kitu, kuwa na habari ya kutoa si jambo dogo.

Wahudumu nao tusiwasahau. Kazi ya kuinua na kuosha watu huchosha mgongo, na huchosha moyo pia. Mhudumu aliyemjua bibi kwa vidonda vya miguu yake tu, akiketi naye kwenye kiti kile, atasikia kwamba bibi huyo alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali. Kesho yake, wakati wa kufunga vidonda, wana la kuzungumza. Ila msimamizi aipange safari katika ratiba ya kazi. Ikiongezwa tu juu ya mzigo uliopo, mhudumu ataichukia, na sioni kosa lake.

Sasa tahadhari. Mwendeshaji anatoka jasho huku abiria wake anatetemeka, hivyo asipime baridi kwa mwili wake mwenyewe. Blanketi lifunike magoti, mkanda ufungwe, miguu ikae ndani. Mzee apelekwe msalani kwanza. Mashimo yakwepwe, maana mifupa ya wazee huvunjika kwa urahisi. Mwenye vidonda vya kulalia asikalishwe muda mrefu. Muuguzi amweleze mwendeshaji mambo ya lazima, kama vile ugonjwa wa moyo au kisukari. Mwenye ugonjwa wa kusahau aketi na mtu anayemfahamu, na safari ya kwanza iwe fupi.

Zaidi ya yote, mzee mwenyewe aulizwe. Akisema leo hataki, aachwe, na kesho aulizwe tena.